Nyama Niliyoibariki Bila Kuuliza



Leo sina mahubiri. Nina ushuhuda, na si ule wa kupigiwa makofi. Nimekaa nao karibu miaka mitatu. Ndugu anayehusika ameusoma kabla yenu, akaniruhusu niuweke hapa mradi nisimtaje jina. Mke wangu naye ameusoma, akaniambia, "Usipunguze sehemu yako." Sijapunguza. Mimina chai, keti, usome mpaka mwisho.

Mnajua kanisa letu liko upande huu wa Voi, ambako ukipanda kilima kidogo tu unaiona Tsavo Mashariki imelala mbele yako mpaka macho yachoke. Hifadhi ya Tsavo ilitengwa mwaka wa 1948, baadaye ikagawanywa Mashariki na Magharibi, na zote mbili pamoja zinapita kilomita za mraba 20,000. Watu hupanda ndege kuja kuwaona ndovu wetu, wekundu kwa vumbi la huku. Sensa ya kitaifa ya mwaka wa 2021 ilihesabu ndovu 36,280 nchini Kenya, na kundi kubwa zaidi ndilo hili la kwetu. Ukiisoma habari hiyo ukiwa Nairobi, unafurahi. Ukiisoma ukiwa na ekari mbili za mahindi pembeni mwa hifadhi, unatoka nje kwanza kuangalia ua.

Kwa hiyo dada mmoja wa idara ya vijana aliponijia baada ya ibada, Septemba 2022, akaniambia vijana wanataka kujitolea Jumamosi tatu kwenda hifadhini kutegua mitego, nilicheka. Nikamwambia, "Binti yangu, ndovu wanawamalizia washirika wangu mahindi, halafu mimi niende kuwafungulia njia?" Hakucheka. Alisema, "Pasta, wewe njoo siku moja tu."

Nilikubali kwa sababu nilikuwa nimeshatangaza madhabahuni. Huo ndio ukweli. Sikuwa na mzigo wowote wa viumbe moyoni. Nilikuwa na aibu ya kutangaza kitu kisha nikose.

Jumamosi ya kwanza tulifika langoni saa kumi na mbili asubuhi, watu kumi na wanne. Mimi nilivaa viatu vya Jumapili. Kufikia saa mbili miiba ilikuwa imenihubiria vya kutosha. Sajini wa askari wa wanyamapori alitupanga mstari mmoja, hatua kumi kati ya mtu na mtu, askari mwenye bunduki mbele na mwingine nyuma, kwa sababu nyati haulizi kama umeokoka.

Mtego wa waya ni kitu rahisi sana. Kipande cha waya, kitanzi kinachojikaza, na ncha moja imefungwa kwenye mti. Kwa digidigi huwekwa chini karibu na ardhi. Kwa swala pala huinuliwa usawa wa goti. Kwa twiga huning'inizwa juu kati ya matawi. Mtegaji hulaza matawi ya miiba kama ua mrefu, akaacha nafasi hapa na pale, na kwenye kila nafasi akaweka kitanzi. Mnyama anayekwenda majini hupita palipo wazi. Akivuta, waya unakaza. Akivuta zaidi, unakata. Na mtego haujui umewekewa nani. Umetegewa swala, lakini mtoto wa ndovu akipitisha mkonga pale, ni wake.

Saa mbili nzima sikuona hata mmoja. Nikaanza kufikiri tumeletwa matembezi. Mara nikasikia nyuma yangu, "Pasta, simama. Umeupita." Nilikuwa nimeuruka kwa mguu. Sajini akaja, akaniambia neno ambalo nimelitumia katika ushauri wa ndoa, katika maombi, kila mahali tangu siku ile: "Usitafute waya, Pasta. Tafuta njia. Jiulize, kama ungekuwa na kiu na umechoka, ungepita wapi? Hapo ndipo atakuwa ameweka."

Baada ya hapo nilianza kuiona. Gome la mti lililochubuka. Tawi lililokatwa kwa panga mahali ambapo hapana mtu wa kukata kuni. Kufikia adhuhuri tulikuwa na mitego arobaini na mmoja kwenye gunia.

Chini ya mkwaju mmoja tulimkuta swala pala jike. Alikuwa amekufa siku nyingi, na fisi kwa sababu wanazozijua wenyewe hawakuwa wamemfikia. Alikuwa na mimba. Hakuna aliyekuja kumchukua. Niliuliza kwa nini mtu ahangaike kutega kisha aache nyama ioze. Sajini alisema, "Mtu huweka hamsini, akakumbuka thelathini. Ile ishirini inaendelea na kazi peke yake."

Torati ina agizo dogo ambalo sisi wahubiri hulipita haraka. Liko Kumbukumbu la Torati sura ya 22. Ukikuta kiota njiani, mama amelalia makinda au mayai, umwache mama aende. Mungu alimruhusu mtu mwenye njaa ale, lakini akamzuia asimalize. Nilisimama pale nikiwaza kwamba waya hauwezi kulitii agizo hilo. Mwenye kutega amelala nyumbani, na waya haujui nani ni mama.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo ushuhuda wangu unapoanza.

Mtego ule uliomuua swala ulikuwa na doa la rangi ya samawati.

Wale wa zamani kanisani mnakumbuka ua wetu wa kwanza, kabla ya ukuta. Watoto wa Shule ya Jumapili walizipaka nguzo rangi ya samawati, na kwa kuwa ni watoto, walipaka na waya pia kila ulipogusa nguzo. Tulipojenga ukuta, waya ule wa zamani tuliukunja, tukauweka stoo nyuma ya kanisa. Baadaye ukapungua. Hakuna aliyeuliza, maana nani anauliza habari za waya mzee?

Niliushika mkononi. Nikaugeuza. Nikajua kabisa. Kisha nikautumbukiza kwenye gunia pamoja na mingine, sikumwambia sajini neno.

Tena nilijua zaidi ya hapo. Agosti ile tulikuwa na kongamano la siku tatu. Mnakumbuka hali ilivyokuwa. Mvua ilikuwa imekataa misimu minne mfululizo. Novemba serikali ilitangaza kwamba kati ya Februari na Oktoba ukame ule uliua ndovu 205, nyumbu 512 na punda milia 381 nchini, na hao ni waliohesabiwa. Kwetu mbuzi walikuwa ngozi na mifupa. Katikati ya hali hiyo ndugu mmoja, mhudumu wetu wa mlangoni, mtu mnyenyekevu ambaye hajawahi kuchelewa ibada, alileta ndoo ya nyama iliyochemshwa tayari, bila mifupa. Akasema ni ya mbuzi, kwa ajili ya watumishi. Nikaiombea. Nikala sahani mbili.

Usiku ule mke wangu alisema, "Mbuzi gani huyu asiye na hata tone la mafuta?" Nikamjibu, "Mama, tushukuru Mungu kwa alichotoa." Tukalala.

Wapendwa, nilijua. Nilijua kwa ile namna mtu anavyojua jambo ambalo hataki kulijua. Na aliyekunja waya wa kanisa tulipobomoa ua alikuwa ndugu huyohuyo.

Ungedhani mchungaji aliyepewa ushahidi mkononi angeenda nyumbani kwa ndugu yake siku hiyohiyo. Mimi nilienda kuandaa mahubiri. Jumapili nilisimama nikahubiri juu ya utunzaji wa viumbe kwa saa nzima. Nilianza na Adamu aliyewekwa bustanini ailime na kuitunza, nikapitia safina ya Nuhu, nikafika kwa wawindaji haramu, na hapo nikapaza sauti. Niliwaambia uwindaji umepigwa marufuku katika nchi hii tangu 1977, na kwamba mtu anayetega mtego ni mwizi anayemwibia Mungu. Watu walisimama. Kinanda kiliitikia. Amina zilikuwa nyingi.

Ndugu yangu alikuwa amesimama mlangoni, mahali pake pa kila wiki, ameshika vikapu vya sadaka.

Mnaikumbuka habari ya Daudi na nabii Nathani. Daudi alimkasirikia sana yule tajiri aliyemchukua mwana-kondoo wa maskini, mpaka Nathani alipomgeuzia kidole. Jumapili ile mimi nilidhani ni Nathani. Nilikuwa Daudi, tena Daudi aliyeshika maikrofoni.

Jumapili iliyofuata mlangoni alisimama mtu mwingine.

Jumatatu jioni nilikwenda kwake. Nilikuwa na kipande cha waya mfukoni, kile nilichokuta kimebaki stoo, chenye doa lake la rangi. Mke wake aliniletea strungi, akaomba radhi kwamba sukari imekwisha. Nikaona shamba. Februari, usiku mmoja, ndovu waliingia. Mashina yalikuwa bado yamelala chini yalivyokanyagwa. Alijaza fomu za fidia ya mazao, maana sheria ya mwaka wa 2013 inaruhusu, lakini fomu zilikuwa bado zinasafiri. Mbuzi walikuwa tisa, wamebaki wawili. Mtoto wa kidato cha pili alikuwa nyumbani kwa ajili ya karo.

Niliweka waya mezani. Hakuruka wala hakukana.

Alisema, "Nilijua utakuja. Jumapili ile ulihubiri ukiangalia mlango."

Nikanyamaza.

"Pasta, kosa langu nalijua. Lakini ile nyama ulikula. Uliiombea mbele ya watumishi wote, ukasema amina. Mimi niliisikia kama ruhusa."

Nilitaka kumjibu kwamba sikujua. Midomo ilishafunguka. Nikamkumbuka mke wangu na lile swali lake la mafuta, nikaifunga.

Akaendelea, sauti yake ya chini kama kawaida: "Mwezi wa saba ulitangaza mfungo wa siku tatu tuombee mvua. Tulifunga. Lakini watoto wangu walikuwa wameanza kabla yenu, na hawakuchagua."

Kanisa lilikuwa mita mia nne kutoka kwenye meza ile. Sadaka ya kongamano tulikuwa tumeihesabu, tukalipia hema na vyombo vya sauti. Na mimi ninayeijua kila familia kwa jina sikuwa nimewahi kuuliza unga wao unatoka wapi. Nadhani ndiyo sababu sikuuliza nyama imetoka wapi. Ningeuliza la nyama, ningelazimika kuuliza na la unga.

Nilimwomba msamaha. Kwa kula, kwa kunyamaza, na kwa kumpiga mahubiri hadharani wakati nilipaswa kumtembelea faraghani.

Lakini sikumwambia kwamba njaa imefuta kosa. Kumwambia hivyo kungekuwa kumdanganya kwa mara ya pili. Nilimweleza habari za swala wa chini ya mkwaju, kwamba alikuwa na mimba, na kwamba alioza bila kumshibisha mtoto yeyote. Hapo ndipo alipoinamisha kichwa. Akasema, "Ule niliusahau." Tulikaa pale mpaka giza likaingia.

Ni yeye aliyesema twende kwa sajini. Nilimwambia afikirie vizuri, kwamba sheria haina mchezo na jambo hili. Akasema amechoka kusimama mlangoni mwa nyumba ya Mungu akiwa na hofu ya kila gari la kijani. Tulikwenda pamoja. Mimi nilianza na langu, kwamba niliutambua waya nikauficha kwenye gunia. Sajini alinitazama kwa muda ambao sikuupenda. Kisha akamgeukia yeye.

"Uliweka mingapi?"

"Sitini, kama sikosei."

"Unaikumbuka yote?"

"Hapana."

Mambo ya sheria yalifuata njia yake, na hayo ni yake kuyasimulia, si yangu. Ninachoweza kusema ni kwamba Jumamosi ya tatu ndugu yangu alikuwa nasi kwenye mstari, na hakutembea kama sisi. Alitembea kama mtu anayekwenda shambani kwake. Siku ile tulitoa mitego ishirini na miwili kwa kumfuata yeye tu. Kila alipoufikia mmoja alipiga magoti, akaukata mwenyewe kwa koleo, akaukunja, akautia guniani. Alifanya hivyo mara ishirini na mbili. Mimi nimeongoza watu sala ya toba miaka kumi na tisa, na bado sijaona toba kama ile.

Nataka uelewe jambo moja hapa, mpendwa. Mungu alimsamehe ndugu yangu, nami naamini alinisamehe. Lakini waya haukusikia kwamba tumesamehewa. Iliyobaki ilikuwa bado porini inaendelea na kazi. Msamaha ulishuka kwa dakika moja, mitego ilitaka miguu. Tumekuwa tukirudi kila tunapopewa nafasi. Tumepata mingi, mingine si yake. Yake michache hatujaipata hadi leo, na yeye huitaja katika maombi kama mtu anayetaja watoto waliopotea.

Na kanisani? Tulijua kwamba tukitoa mitego porini na kuacha njaa nyumbani, mitego itarudi. Kwa hiyo tulianza na lililo karibu. Sadaka ya Jumapili ya kwanza ya kila mwezi huenda kwenye unga na maharagwe, na mashemasi wawili kazi yao ni kuuliza lile swali ambalo mimi niliogopa kuliuliza.

Kisha vijana wakaja na habari ya nyuki. Wenzetu wa Sagalla wako mbele yetu katika jambo hili, maana kule watafiti na wakulima wamejaribu kwa miaka mingi na kuona kwamba ndovu, pamoja na ukubwa wake wote, humwogopa nyuki. Unazungushia shamba mizinga, mmoja kila baada ya mita kumi, imeunganishwa kwa waya. Ndovu akisukuma waya, mizinga inatikisika, nyuki wanatoka, naye anageuza njia. Haizuii kila ndovu, na wakati wa ukame nyuki wenyewe huhama. Lakini inasaidia, na asali inauzwa.

Shamba la kwanza tulilozungushia lilikuwa la ndugu yangu. Mizinga ilikaa mitupu miezi kadhaa, watu wakatucheka. Mwaka wa 2023 mvua iliporudi, nyuki wakaingia. Na waya unaoshikilia mizinga ile ni ule wa kanisa uliokuwa umebaki nyumbani kwake. Ukipita karibu utaona madoa ya samawati.

Sasa wewe unayesoma.

Pengine hukai karibu na hifadhi. Pengine hujawahi kuona ndovu ila kwenye simu. Lakini una meza, na kuna vitu vinafika kwenye meza hiyo unavyoviombea haraka ili usiulize. Shamba ulilouziwa kwa bei ya kutupa na mjane anayelia. Simu mpya kwa nusu ya bei. Sadaka kubwa ya mtu ambaye kazi yake hakuna anayeijua. Kuombea kitu hakukisafishi. Uliza kwanza, ndipo uombe.

Na kama uko karibu na pori, nina maneno ya kawaida tu. Ukiuziwa nyama ya bei ya chini isiyo na ngozi, kichwa wala kwato, usiinunue. Kuinunua pia ni kosa. Ukiona mtego, usiingie porini peke yako kuutoa. Waambie askari wa wanyamapori, maana huenda mwenye mtego yuko karibu, au mnyama aliyenaswa yuko hai na ana hasira. Ukitaka kujitolea, nenda na kikundi, omba ruhusa, beba maji mengi kuliko unavyodhani, na tafadhali acha viatu vya Jumapili nyumbani.

Tuombe.

Baba, tusamehe kwa tulivyovila tukiwa tumefumba macho. Tupe ujasiri wa kuuliza, na tukishajibiwa, utupe miguu. Wakumbuke wanaolala macho wakilinda mahindi, na wanaolala porini wakilinda wanyama, maana wote ni walinzi wa bustani yako. Tuonyeshe mitego tuliyoiweka tukaisahau, kabla haijamkamata mtu. Katika jina la Yesu.

Leo nawaomba jambo moja. Msiniandikie amina hapo chini. Amina zangu zilishawahi kusikika kama ruhusa. Niandikieni jina la jirani mmoja mtakayemtembelea wiki hii, ama mnitumie faraghani. Ndugu yangu wa mlangoni atazisoma pamoja nami Ijumaa kwenye kesha. Amerudi mahali pake. Ukija Jumapili, yeye ndiye atakayekupa mkono wa kwanza.

Mbarikiwe.